Mgongo Niliomwazima Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Leo umetimia mwaka na miezi mitano tangu nitoke nyumbani. Mvua zimeanza. Karakana yetu ni ya kukata mawe: mabamba mazito ya kutandika sakafuni na ukutani kwa watu wenye nyumba kubwa. Kiangazi winchi ndiyo inayonyanyua, sisi tunashika pembe tu lisizunguke. Masika winchi ya nje haiwashwi, maji yanaingia kwenye mota, basi tunabeba wenyewe kwa mikanda ya begani, watu wanne bamba moja, kwenye sakafu inayoteleza kama imepakwa sabuni.

Shemeji alipangwa upande wangu. Ni mume wa dada yangu mkubwa, na mimi ndiye niliyemwita huku. Mimi ni mtu wa milimani, mrefu, wananiita Mlingoti. Yeye ni wa mabondeni, mfupi mnene wa kifua, wanamwita Kisiki. Tukibeba pamoja uzito wote unamteremkia yeye. Anasema, "Shemeji, inama kidogo, au basi nitafutie viatu vya mwanamke."

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Kazi. Kulala.

Ijumaa, 7 Machi

Msimamizi ametukusanya chini ya bati akasoma majina. Kila aliyewahi kwenda chumba cha huduma ya kwanza kwa ajili ya mgongo lazima apigwe skani hospitalini kabla ya kupewa mkataba wa masika. Mwaka jana kuna mtu aliumia, kampuni ikapelekwa mahakamani, sasa wanaogopa migongo yetu kuliko sisi wenyewe.

Shemeji yumo. Jioni alinisubiri penye bomba.

"Shemeji, mgongo wangu mimi naujua. Wakiupiga picha, nimekwenda na maji."

"Watakupa kazi nyepesi."

"Kazi nyepesi ipi? Ya kuchunga geti? Geti lina watu wake, na wote ni wapwa wa msimamizi."

Kisha akasema lililomleta. Nichukue kitambulisho chake, niende mimi. Picha yake imefutika, imebaki kivuli chenye masikio. Wenzetu wawili watatu wameshafanya hivyo na hakuna aliyeuliza. Mtu mwenye mgongo mzuri anamwazima mwenzake, kama unavyoazimana koti la kwendea harusini.

Nikamwambia nitafikiri. Sikuwa nafikiri. Nilishakubali, ila nilitaka aniombe tena. Shemeji ni mtu wa maneno, kila siku ananishinda kwa utani mbele ya watu, na leo alikuwa amesimama mbele yangu kofia mkononi. Niliona raha. Naliandika hili kwa kuwa ndiyo kweli.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda. Fundi wa mashine hakuniangalia hata usoni. "Vua shati, vua mkanda, lala, usipumue." Mashine ni kama tairi kubwa, unaingizwa katikati. Alipomaliza aliita jina la shemeji, nami nikaitika haraka kiasi kwamba nilijishangaa.

Ijumaa, 14 Machi

Majibu yametoka. Msimamizi kamwita Kisiki mbele ya wote. "Huyu mfupi ana mgongo kama reli! Nyie warefu mnalialia nini?" Watu wakacheka, shemeji akajipiga kifua. Amepewa mkataba, kisha amehamishiwa kundi la mabamba mazito kwa sababu ya huo mgongo wake.

Hilo hatukulipigia hesabu.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua haijakatika wiki nzima. Dada alipiga simu, akataka kujua kama mumewe anakula vizuri. Nikasema anakula kuliko mimi. Usiku nilimsikia shemeji akijigeuza kitandani kwa kushika ubao wa juu kwa mikono miwili.

Alhamisi, 27 Machi

Shemeji ameanguka.

Ilikuwa kabla ya chakula cha mchana. Walikuwa wanne na bamba jeusi, la jikoni kwa mtu. Mimi nilikuwa kundi la pili, nyuma yao. Nilimwona mgongo ukimkatikia njiani, yaani alisimama ghafla kama mtu aliyesahau kitu, magoti yakalegea, mkanda ukamvuta chini. Akatua kwa makalio kwenye saruji, na uzito wote ukiwa bado begani. Wenzake walilisukuma bamba likavunjikia pembeni. Halikumlalia. Kila mtu akasema Mungu mkubwa.

Shemeji hakulia. Alisema, "Mbona miguu yangu iko mbali?"

Ijumaa, 28 Machi

Hospitali. Eksrei inaonyesha pingili moja ya kiuno imebondeka. Miguu ana hisia, lakini ni mizito, vidole vinajongea kwa shida. Daktari wa mifupa anasema lazima apasuliwe, zipitishwe skrubu na vyuma juu na chini ya pingili iliyovunjika, ili isije ikateleza na kubana mishipa ya fahamu. Kampuni inalipia, kwa kuwa ni ajali ya kazini na mtu alikuwa na mgongo mzima, picha ipo.

Nimeruhusiwa kukaa naye hadi Alhamisi. Msimamizi kasema, "Nenda, ni shemeji yako," kwa upole ambao uliniumiza.

Jumatatu, 31 Machi

Daktari ni mwanamke mfupi, miwani mikubwa, sauti ya mtu aliyekulia sokoni. Kila asubuhi anapita na wanafunzi wake. Leo walisimama kitandani kwetu, akafungua picha kwenye kioo cha kompyuta ndogo aliyobeba mkononi.

"Chumba cha skani kimeingia maji," akawaambia, "na barabara ya kwenda mji wa pili sitaki kumpitisha mtu aliyevunjika. Lakini tuna bahati. Huyu alipigwa skani hapa hapa mwezi huu, kabla ya kuanguka. Eksrei imenionyesha palipovunjika. Skani inanipa vipimo."

Akawaonyesha. Kila pingili, alisema, ina vishikio viwili vya mfupa upande wa nyuma, kama vishikio vya sufuria. Skrubu hupita humo. Ikiwa nene kuliko kishikio inapasua ukuta wake, na ng'ambo ya ukuta ndiko kwenye mishipa. Ikiwa nyembamba mno haishiki, inalegea.

"Sasa, vitabu tulivyosomea vilipima mifupa ya watu wa mbali, na skrubu zinachongwa kwa vipimo vile vile. Hapa tumekuwa tukipima watu wetu. Watu wa milimani vishikio vyao kwa kawaida ni vipana, karibu na vya vitabuni. Watu wa mabondeni ni vyembamba, hasa hapa juu ya kiuno. Wengine ni vyembamba mpaka skrubu haipiti kabisa. Lakini tazameni huyu."

Mwanafunzi mmoja akauliza, "Huyu ni wa bondeni, daktari?"

"Muulize mwenyewe."

"Bondeni, mama," shemeji akajibu chali. "Mafuriko yakija yananigongea mlango kwa jina."

Wakacheka. Daktari naye akacheka.

"Wa bondeni, na tazameni upana! Ningemkadiria kwa asili yake, ningeagiza skrubu nyembamba zikalegea baada ya mwezi. Hiyo ndiyo sababu nawasumbua kila siku. Wastani ni wa umati. Anayelala mezani ni mtu mmoja. Mpime huyo." Akaipapasa ile picha kwa kidole. "Mgongo mzuri sana huu. Nimeshaagiza skrubu zake, ziko njiani. Jumatatu ijayo tunaingia."

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, mkono wa shemeji uko juu ya shuka. Niliuona mgongo wangu ukiangaliwa na watu sita. Na kabla sijaogopa, nilijivuna. Niliketi wima. Sijawahi kusifiwa na mtu aliyesoma, na hizi ndizo sifa zilizonijia, kwa jina la mtu mwingine.

Hofu ilikuja walipokwenda kitanda cha pili.

Jumanne, 1 Aprili

Nilimwambia shemeji kwa sauti ya chini, jirani asisikie.

"Skrubu wameagiza za kwangu."

"Nimesikia. Mimi nimeumia kiuno, masikio yangu mazima."

"Lazima tumwambie."

"Tumwambie nini? Kwamba mgongo waliouandikia mkataba haukuwa wangu? Kampuni itasema nilidanganya, itaondoa mkono wake. Halafu nitapasuliwa na nani, na wewe? Kwa msumeno wa karakanani?"

"Zikiwa nene zitapasua mfupa, umemsikia."

"Skrubu ni skrubu. Fundi akikosa ya kiasi anafunga iliyopo."

"Wewe si kabati, shemeji."

"Na wewe si daktari." Kisha akasema bila utani, jambo ambalo kwake ni nadra, "Nina watoto watatu na dada yako. Niache niingie Jumatatu. Ukisema, hujaniokoa. Umenitupa nje."

Nikamwahidi. Nilisema "haya," na kwetu mtu akisema haya kwa shemeji yake amefunga mlango.

Jumatano, 2 Aprili

Daktari alipita. Sikusema.

Alhamisi, 3 Aprili

Alipita tena. Nilitoka kwenda chooni nisimwone.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimerudi kazini nusu siku. Dada alipiga simu. Anasema simu ya mumewe haipatikani tangu wiki iliyopita. Ilivunjika siku alipoanguka. Nikamwambia imeingia maji, mvua huku si mchezo. "Basi mpe yako nizungumze naye." Yuko zamu ya ndani, nikasema, haturuhusiwi na simu. Akasema, "Haya mdogo wangu. Ukiwepo wewe mimi silali macho."

Baada ya hapo nilibeba bamba vibaya, karibu nimwangushe mwenzangu.

Nataka kuandika kwa nini nakaa kimya, kwa kuwa kichwani najidanganya kwamba ni ahadi. Si ahadi. Nikisema, nami nafukuzwa. Ndilo nililokuwa nalifikiria kule chooni.

Jumapili, 6 Aprili

Skrubu zimefika. Nesi aliniambia kwa furaha, kama anaaga mwali.

Kilichonisukuma si dhamiri, niandike kweli. Nilikuwa namwosha shemeji mgongo kwa kitambaa, amelazwa ubavu na manesi wawili, na vidole vyangu vikapita juu ya pingili zake. Ni ndogo. Nilimwosha mtu ambaye pingili zake zinakaa kama mbegu chini ya ngozi. Nami nikakumbuka zile zangu kwenye kioo. Nikaosha mara ya pili mahali pale pale mpaka nesi akaniuliza kama kuna uchafu.

Daktari nilimkuta kwenye veranda, anamenya chungwa.

"Daktari, ule mgongo ni wangu."

"Mgongo upi?"

"Wa kwenye picha. Nililala mimi. Nilitumia kitambulisho chake."

Alinitazama kama mtu anayengoja mwisho wa kichekesho. Kisha akasema, "Geuka." Nikageuka. Akapitisha kidole gumba juu ya shati langu, kutoka katikati ya mgongo mpaka kiunoni, polepole, akisimama kila pingili.

"Wewe ni wa wapi?"

"Milimani."

"Na siku zote hizi ulikuwa umekaa pale ukinisikiliza."

"Ndiyo."

"Ukinisikiliza," akasema tena. Akatia chungwa mfukoni mwa koti, limemenywa nusu, maji yakalowesha kitambaa. "Nimewafundisha wanafunzi kwa mgongo wako. Nimewaandikia wenzangu: jamani, acheni dhana zenu, nimepata mtu wa bondeni mwenye mfupa wa milimani." Akavua miwani. "Nilifurahi sana, unajua?"

Angenitukana ningejua pa kuweka mikono.

Akaondoka kwenda kupiga simu. Upasuaji umefutwa.

Jumatatu, 7 Aprili

Shemeji ameambiwa. Nilipoingia aligeuza uso ukutani. Hawezi kugeuza kingine.

"Umeniuza," akasema. Hilo tu.

Jumanne, 8 Aprili

Tumempeleka mji wa pili kwa gari la wagonjwa kupigwa skani. Amefungwa kwenye ubao kifuani na miguuni. Barabara imemomonyoka, dereva anakwenda kama anabeba mayai, na hata hivyo kila shimo shemeji alikuwa anafunga mdomo mpaka midomo inakuwa myeupe. Nilimshika kichwa kisitikisike. Hakunikataza, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imefungwa. Safari nzima alifumba macho, na hakuwa amelala.

Wakati wa kurudi mguu wa kulia ulikuwa hausikii kidole cha nesi kikiugusa. Nesi aliandika saa, akatazama nje.

Jumatano, 9 Aprili

Daktari aliniita ofisini kwake. Picha mbili, kioo kimoja.

"Hiki kishikio ni chako. Hiki ni chake." Changu ni kama kidole changu cha mwisho. Chake ni kama mrija. Akachukua skrubu moja katika zile alizoagiza, akaiweka juu ya picha ya shemeji. Ilikifunika kishikio chote, ikazidi pande zote mbili.

"Ningeingiza hii," akasema. "Kwa mikono yangu. Ningejua nimekosea pale ambapo haisaidii kujua."

Nikamwuliza sasa itakuwaje. Akasema pingili moja ya juu ni nyembamba mno, haitapitisha skrubu ya aina yoyote. Ataiacha, ashike pingili nyingine juu zaidi, na penginepo atumie kulabu. Skrubu nyembamba anazo chache kwenye stoo. Kampuni imeshaleta neno kwamba hailipi. Shemeji amehamishiwa wodi ya wote, na yeye daktari ameweka jina lake kama mdhamini. Nilianza kushukuru, akanikata.

"Usinishukuru wewe."

Ijumaa, 11 Aprili

Ameingia asubuhi, ametoka jioni. Amezinduka. Mguu wa kushoto unasogea. Wa kulia, wayo haunyanyuki, unaning'inia.

Nilimwuliza daktari kama ni kwa sababu ya kuchelewa, kwa hizo siku nilizonyamaza na kwa ile barabara.

"Huenda. Huenda ni mwanguko wenyewe. Sitakudanganya, wala sitakufariji."

Jumanne, 15 Aprili

Tumefukuzwa kazi, wote wawili. Hilo nililitegemea. Ambalo sikulitegemea ni kwamba karakana nzima imerudishwa kwenye skani, safari hii msimamizi amesimama mlangoni na vitambulisho. Watu wengine wanne picha zao za kwanza zimeonekana si zao. Wamefukuzwa leo, mvua ikinyesha.

Nilikwenda chumbani kuchukua nguo. Mwendesha winchi, tuliyelala naye chumba kimoja tangu nije, alikuwa amekaa kitandani.

"Umerudi, mkweli?"

Nikamsalimu.

"Mdogo wangu ni mmoja wa wale wanne. Mgongo alioazima ulikuwa wangu." Akavuta shuka langu akanitupia. "Ungetuambia hata siku moja kabla. Kila mtu angejipanga. Lakini wewe ulinyamaza ulipotakiwa kusema, ukasema ulipotakiwa kutuonya."

Nikalikunja shuka, nikatoka na nguo zangu.

Jumatano, 16 Aprili

Nalala kwenye benchi la veranda ya wodi. Mvua inapungua.

Alhamisi, 24 Aprili

Shemeji amesimama leo, kwa fremu ya chuma, mtaalamu wa mazoezi mbele na mimi nyuma nimemshika kiunoni kwa taulo. Hatua zake ni fupi, mguu wa kulia anaunyanyua kutoka pajani kama anavuka kizingiti kisichokuwepo. Tangu ile siku ya "umeniuza" hajanisemesha. Namwosha, namlisha, namgeuza, kimya.

Kwenye kona akayumba, nikamkaba.

"Taratibu, Mlingoti. Mimi si bamba."

Mtaalamu akacheka. Mimi nikakaza taulo. Si msamaha. Sauti yake ilikuwa kavu, na baadaye kitandani akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Dada yako anajua?"

"Hajui."

"Mpaka leo?"

"Nilimwambia simu yako iliingia maji."

"Mwezi mzima! Hiyo simu ni samaki?" Alitaka kucheka, mgongo ukamkataza. Akangoja maumivu yapite. "Mwambie. Mimi sitamwambia. Mimi uongo wangu nimeshaulipia, unauona hapo," akaelekeza kidevu kwenye wayo wake.

Jumapili, 27 Aprili

Nilipiga, ikaita, nikakata.

Jumanne, 29 Aprili

Daktari alipita na wanafunzi wapya. Aliwaonyesha picha zote mbili, yangu na ya shemeji, na akawaeleza kisa chote bila kututaja, tukiwa pale pale. Kisha akasema, "Mkimaliza kupima, mtazameni mtu usoni, mhakikishe ndiye." Nilitazama sakafu. Shemeji alitazama juu. Sote wawili tulikuwa tunasomwa kama ubao.

Ijumaa, 2 Mei

Nimempigia. Nilikaa kando ya kitanda makusudi, shemeji asikie kila neno, nisije nikapunguza.

Nilimweleza yote, kuanzia bamba, nikarudi nyuma kwenye mashine, nikaja mbele mpaka wayo. Dada hakunikatiza. Nilisikia kuku, nikasikia mtoto akimwita, naye akamwambia, "Ngoja nje." Nilipomaliza nikasikia mlango ukifungwa.

"Nani alilianzisha?" akauliza.

Hapo shemeji alifumba macho. Kweli inajulikana: alinijia yeye, kofia mkononi. Ningelisema hilo lingekuwa sahihi, na nusu ya mzigo ingeshuka begani kwangu. Lakini niliona pia jinsi nilivyofurahi siku ile penye bomba, na jinsi nilivyomwita huku toka kwake, na jinsi nilivyokaa wima kwenye kigoda nikisifiwa.

"Aliniomba yeye," nikasema. "Lakini nilikuwa nimekubali kabla hajaomba. Na kunyamaza nilinyamaza peke yangu."

"Na alipolazwa, ukaniambia simu."

"Ndiyo, dada."

"Nilikuwa naomba usiku kwa ajili ya simu," akasema. Sauti yake haikupanda. Afadhali ingepanda. "Mpe mume wangu."

Nikampa, nikatoka veranda. Hawakuzungumza sana. Shemeji aliponirudishia simu macho yake yalikuwa mekundu, akasema, "Anataka kujua siku."

Daktari amesema tuondoke wiki ijayo, shemeji akae kiti cha mbele, tusimame kila baada ya muda anyooke. Nimeuza viatu vya kazi na mkanda. Basi ni Jumamosi tarehe kumi, na tukijaliwa tutafika nyumbani Jumatatu tarehe kumi na mbili, kabla ya mchana. Nimemtumia dada ujumbe wenye siku na saa, nikamwomba asihangaike kuja stendi, tutajikongoja wenyewe mpaka nyumbani.

Amejibu kwamba atakuja, na kwamba nishuke mimi kwanza, anitazame usoni.